Safu nyembamba haitakufanya usome haraka mara tatu

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Kazi yangu ni kusoma ripoti ndefu kwenye kompyuta kutwa nzima, na nasoma polepole. Mara nyingi nikimaliza mstari najikuta nimerudi kwenye uleule niliokwisha kuusoma. Mkufunzi mmoja wa kusoma kwa kasi amenishauri nibane maandishi yawe safu nyembamba, maneno matatu au manne kwa mstari, ili macho yashuke tu wima bila kwenda kushoto na kulia. Anasema kasi itapanda mara tatu. Anauza pia programu inayokoleza herufi za mwanzo za kila neno. Je, nilipie?

JIBU: Marahaba. Usilipie.

Swali hili hunijia kwa sura nyingi, lakini dhana iliyo chini yake haibadiliki: kwamba kinachomchelewesha msomaji ni mwendo wa macho, na ukiupunguza huo mwendo kasi itapaa. Dhana hiyo ndiyo mtaji wa wanaouza kozi hizi, na si kweli.

Jicho linaposoma halitelezi juu ya mstari. Linatua, linaruka, linatua tena. Kila mtuo huchukua takriban robo ya sekunde. Mruko wenyewe humalizika ndani ya sekunde 0.02 hadi 0.04. Piga hesabu mwenyewe: hata kama mkufunzi wako angeweza kuifuta miruko yote, ungeokoa kama sehemu moja ya kumi ya muda wako. Hiyo mara tatu inatoka wapi? Muda unaliwa kwenye mituo, na wakati wa mtuo akili ndiyo inayofanya kazi, inalitambua neno na kuliunga na yaliyotangulia. Ndiyo maana jicho hukaa zaidi juu ya neno la nadra kuliko neno la kila siku, hata yakiwa na urefu mmoja. Hakuna safu, iwe nyembamba au pana, inayoharakisha kazi hiyo.

Tena safu nyembamba inaharibu. Watafiti wa usomaji McConkie na Rayner walionyesha katika miaka ya 1970 kwamba msomaji wa maandishi yanayotoka kushoto kwenda kulia, katika mtuo mmoja, hufaidika na herufi tatu au nne za upande wa kushoto na zipatazo 14 au 15 za upande wa kulia. Kwa anayesoma Kiebrania, upande mpana huwa kushoto. Herufi zile za mbali hazitambuliki zote, lakini zinaandaa njia: jicho linajua neno lijalo linaanzia wapi, na akili imeshaanza kulishughulikia kabla halijafikiwa. Ukikata mstari kila baada ya maneno matatu, unayakata maandalizi hayo kila mara.

Kwa Kiswahili hasara ni kubwa zaidi. Neno kama "wanapotukaribisha" lina herufi 17. Safu ya herufi 25 italibeba hilo na kaneno kengine kamoja, basi. Ukiamuru kingo zote mbili zinyooke, programu itatandaza maneno mawili kwenye nafasi ya matatu na kuacha mashimo meupe katikati ya mstari. Ukiiruhusu ikate maneno, nyingi zinakata kwa kanuni za lugha nyingine, unakuta "nyumb-" mwisho wa mstari na "ani" mwanzo wa unaofuata, ilhali silabi zetu ni nyu-mba-ni. Msomaji hukwama hapo, anarudi, anaunga upya. Wahariri wa majarida wanaopenda safu nyembamba zilizonyooka pande zote nawasihi waangalie hilo kabla ya kuchapa.

Sasa shida yako yenyewe. Kuurudia mstari uleule ni dalili ya kawaida ya mistari mirefu iliyobanana. Jicho linapotoka mwisho wa mstari kurudi mwanzo wa unaofuata husafiri mbali, na kama nafasi kati ya mistari ni finyu, linatua pasipo pake. Fungua ripoti moja uhesabu herufi za mstari mmoja pamoja na nafasi. Zikizidi 100, umempata mchawi wako. Zifikishe kati ya 55 na 75: kuza herufi, ongeza pambizo. Umbali wa mstari hadi mstari uwe kama mara moja na nusu ya ukubwa wa herufi. Ukingo wa kushoto unyooke, wa kulia uachwe huru. Nisikufiche, zipo tafiti za skrini zilizoona mistari mipana ikisomwa haraka kuliko mifupi, mojawapo ya Duchnicky na Kolers ya 1983. Lakini Dyson na Haselgrove mwaka 2001 waliona uelewa ulikuwa bora kwenye mistari ya herufi 55, na mtu anayesoma ripoti ili aamue jambo anahitaji uelewa kwanza.

Ukubwa wa herufi una kizingiti chake. Chini yake kasi huporomoka, juu yake kukuza zaidi hakukuongezei kitu. Na kama ripoti zenu zina aya nzima za herufi kubwa, waombeni waandishi waache. Mtafiti Tinker alipima jambo hilo miongo mingi iliyopita, akaona herufi kubwa tupu humchelewesha msomaji kwa zaidi ya asilimia 10 katika usomaji mrefu. Inasikitisha kwamba kwa kawaida aya hizo ndizo zenye onyo ambalo mwandishi alitaka lisomwe.

Kuhusu kukoleza herufi za mwanzo, majaribio yaliyoulinganisha mtindo huo na maandishi ya kawaida hayakuona faida ya kasi. Wauzaji wa programu zinazomulika neno mojamoja katikati ya skrini wanafanya baya zaidi, maana hapo huwezi kurudi nyuma. Katika usomaji wa kawaida miruko 10 hadi 15 katika kila 100 ni ya kurudi nyuma, na mingi ni akili ikisahihisha ilichokielewa vibaya. Schotter, Tran na Rayner mwaka 2014 waliwazuia wasomaji wasirudi, na uelewa ukashuka.

Linaloniuma zaidi ni kwamba biashara hii sasa inawafuata wazazi wa watoto wenye disleksia, yaani ugumu wa kujifunza kusoma. Wanauziwa fonti maalumu na miwani ya rangi kwa ahadi zilezile. Marinus na wenzake mwaka 2016 waliichunguza fonti mojawapo, wakakuta faida yake ndogo inatokana na nafasi pana kati ya herufi na maneno; fonti ya kawaida ilipopewa nafasi hizohizo, tofauti ilitoweka. Nafasi hizo mzazi anaweza kuziongeza kwenye kompyuta yoyote bila kulipa chochote. Miwani ya rangi nayo, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitamka mwaka 2009 kwamba hakuna ushahidi wa kisayansi wa kuiunga mkono kama tiba. Mtoto huyo anahitaji mwalimu anayejua kumfundisha uhusiano wa herufi na sauti, na kila mwezi unaopotea kwenye miwani ni mwezi ambao hakufundishwa.

Wewe ukishapanga ripoti vizuri na mistari bado ikicheza, nenda kapimwe macho, hasa kama umekaribia miaka 40. Na mkufunzi akikufuata tena, mwambie akupime kwa maswali juu ya andiko ambalo hujawahi kuliona, kisha maswali yaleyale apewe mtu ambaye hakulisoma kabisa. Kama naye atapata alama nzuri, hapo hakuna kasi iliyopimwa.