Maswali ya Wasomaji: Kisu Hiki Kimetengenezwa kwa Chuma Gani?

SWALI: Nimenunua kisu cha Kijerumani ambacho ubapa wake umeandikwa X50CrMoV15. Kutu hakishiki kabisa, ila ikifika jioni makali yamekwisha. Mzee wetu jikoni ana kisu cheusi cha zamani, chenye kutu kila asubuhi, lakini makali yake hukaa siku kadhaa. Je, nimeuziwa bandia?
*Mpishi wa hoteli, Tanga*

JIBU: Hapana, bandia haina dalili hizo. Maandishi hayo yanakutajia vilivyomo. X inaonyesha kuwa chuma kimechanganywa kwa wingi na metali nyingine, 50 ni kaboni asilimia 0.50, na 15 ni kromi, metali inayozuia kutu, asilimia 15 hivi. Molibdenamu na vanadiamu zimo kwa kiasi kidogo.

Ugumu wa kisu huletwa na kaboni pale chuma kinapozimishwa, yaani kupozwa ghafla, kikiwa chekundu. Nusu asilimia hukifikisha kisu chako kwenye 55 hadi 57 kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell. Kisu cha mzee, kama ni chuma cha kaboni tupu, huenda kina kaboni asilimia 0.75 hadi 0.95 na karibu hakina kromi. Hicho hufika 60 au zaidi, ndiyo maana kinadumu na makali yake, na ndiyo maana kinashika kutu.

Utauliza, basi mbona kiwandani wasiongeze kaboni? Kwa sababu kromi na kaboni huvutana. Kaboni ikizidi, hukamatana na kromi zikawa punje ngumu ziitwazo kabidi, na kromi iliyokwisha kufungwa humo haizuii kutu tena. Kinachozuia kutu ni kromi iliyoyeyuka ndani ya chuma chenyewe, na inatakiwa isipungue sana asilimia 10.5. Angalia chuma cha zana kiitwacho D2: kina kromi asilimia 12, ukisoma namba hiyo peke yake utadhani hakiwezi kushika kutu. Lakini kaboni yake ni asilimia 1.5, imenyakua sehemu kubwa ya kromi hiyo, na kisu cha D2 kikiachwa na maji ya ndimu huota madoa. Kinyume chake ni chuma alichoyeyusha mtaalamu wa metali Harry Brearley mjini Sheffield, Uingereza, mwaka 1913: kromi 12.8, kaboni 0.24 tu. Kutu hakikushika, ila kwa kaboni ndogo hivyo ugumu wake una kikomo. Kisu chako kimewekwa katikati ya vyuma hivyo viwili.

Kwa maoni yetu, chuma kilichopatia zaidi kwa kisu cha jikoni ni AEB-L, kilichobuniwa Uswidi kwa ajili ya nyembe: kaboni 0.67, kromi 13. Kabidi zake ni ndogo mno, kwa hiyo kinanoleka kirahisi, na kikizimishwa vizuri hufika 60 na kuendelea bila kumeguka.

Hicho ulicho nacho kitakufaa ukikitunza kwa namna yake. Kwa ugumu wa 56, makali kwa kawaida hulala upande kabla hayajalika. Pitisha kisu kwenye fimbo ya chuma ya kunolea kabla ya kuanza kazi, mara nne hadi sita kila upande, kwa pembe ya digrii 15 hadi 20, bila kukandamiza. Fimbo ikishindwa kuyarudisha, tumia kinoo namba 1000. Kisu cha mzee usikipitishe kwenye fimbo hiyo ya chuma, makali magumu namna ile humeguka vipande vidogo; chake ni kinoo. Na chako kisilale kwenye sinki lenye maji ya chumvi. Hata kromi asilimia 15 hutobolewa na chumvi, ukaona vidoa vyeusi visivyofutika.

SWALI: Nina mabaki ya bati nene la stenlesi 304. Nikitengeneza visu nikavizimisha kwenye mafuta, vitakuwa vigumu?
*Fundi wa kuchomelea, Nakuru*

JIBU: Havitakuwa. 304 ina kaboni isiyozidi asilimia 0.08, na nikeli yake, asilimia 8 na zaidi, hukifanya chuma kisibadilike umbo la ndani kinapozimishwa. Kipime kwa sumaku: 304 hainati au inanata kidogo sana, ilhali stenlesi ya visu hunata barabara. Nondo za ujenzi nazo hazifai, kaboni yao ni ndogo.

SWALI: Nafua mapanga na visu kwa springi za magari. Vingine hupasuka nikivizimisha kwenye maji, vingine hupinda, vingine humeguka makali. Tatizo ni chuma au ni mimi?
*Mhunzi, Arusha*

JIBU: Springi ni chuma kizuri sana kwa panga. Zile za magari ya Kijapani mara nyingi ni za aina ya chuma iitwayo SUP9 au SUP9A, za Marekani ni 5160. Zote zina kaboni asilimia 0.5 hadi 0.6 na kitu, manganizi na kromi chini kidogo ya asilimia 1 kila moja. Kiasi hicho cha kromi hakizuii kutu. Kazi yake, pamoja na manganizi, ni kukifanya chuma kigumuke mpaka ndani hata kikipozwa polepole. Kwa hiyo hakihitaji maji. Maji hukipoza haraka kupita kiasi, na hapo ndipo kinapopasuka.

Kwanza kagua springi, kwani iliyochoka ina nyufa usizoziona. Ipake mafuta ya taa, subiri dakika kumi, ifute ikauke, kisha nyunyiza unga wa chaki. Palipo na ufa, mafuta yatarudi juu na kuchora mstari. Kata kipande hicho utupe.

Ukimaliza kufua, pasha moto mpaka sumaku isinate, kisha fukia kwenye majivu makavu hadi kesho yake. Ukikiacha kipoe hewani hugumuka kiasi na kula tupa zako. Chonga umbo, ila acha makali na unene wa milimita 1. Yakiwa membamba kuliko hapo ndiyo yanayopinda.

Kuzimisha: sumaku ikiacha kunata, ongeza moto kidogo tu, kama digrii 830. Usifikishe rangi ya njano. Ukivunja kipande cha majaribio ukaona chembe kubwa zinazong'aa kama sukari, ulizidisha. Kinachotakiwa ni kijivu kisichong'aa. Tumbukiza ncha kwanza, wima, kwenye lita tano za mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi digrii 50 au 60. Chombo kiwe cha chuma, kifuniko karibu, kwa sababu mafuta hushika moto. Tupa ikiteleza bila kukwangua, kimegumuka.

Makali yako humeguka kwa kuruka hatua ambayo wengi huiruka: kukipasha tena. Kabla hakijakaa saa moja, kiweke kwenye oveni ya digrii 200 kwa saa mbili, kitoe kipoe, kirudishe saa mbili nyingine. Kwa panga la kukata miti pandisha hadi 230 au zaidi.

SWALI: Ndugu yangu kaniletea kisu kutoka Marekani, kimeandikwa S30V. Kinoo changu cha jiwe kinateleza tu.
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Kina vanadiamu asilimia 4, na kabidi zake, punje za vanadiamu na kaboni, hufika ugumu wa 2800 hivi kwa kipimo cha Vickers, ambacho namba zake si sawa na za Rockwell. Mawe mengi ya asili hukata kwa punje za kwatzi, ambazo hazifiki hata nusu ya hapo, kwa hiyo jiwe hula chuma kinachozunguka kabidi na kuziacha zenyewe. Nunua kinoo cha almasi, anza na namba 400 kisha 1000, mkono mwepesi na maji kidogo. Usikipeleke kwa fundi wa grainda: makali yakibadilika rangi kuwa ya buluu, ugumu wa sehemu hiyo umeshaharibiwa na joto, na itabidi kusaga mpaka upite eneo lote lililoungua.