Mbwa wetu toka tuhamie Kigoma anakimbilia kwenye mafuso, tumfanyeje?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mwezi uliopita mume wangu kahamishwa kikazi toka Tabora kuja Kigoma, tumepanga nyumba huku Mwanga. Tumekuja na mbwa wetu Tomi, ana miaka minne, tulimpakia kwenye fuso pamoja na vyombo. Kule Tabora tulikuwa Cheyo, uwanja mkubwa una miembe, huku uwanja mdogo na jirani yuko ukutani kabisa. Toka tufike chakula anagusa tu anaacha, usiku analia mpaka majirani wameanza kusema, halafu geti likifunguliwa kidogo anachomoka. Mara mbili tumemkuta kule yanakopaki mafuso, kalala chini ya gari ambalo wala si lile lililotuleta. Baba watoto anasema afungwe mnyororo mpaka azoee, watoto wakimwona kafungwa wanalia. Je anaumwa au ndo keshakuwa mtu mzima hawezi tena kuhama? Tafadhali nisaidie.
Mama wa wawili, Mwanga, Kigoma

JIBU: Pole mama, na poleni na kuhama. Nianze na hilo la fuso maana limenigusa. Tomi hajui Tabora iko upande gani, hajui Urambo wala Kaliua wala Uvinza, anachojua yeye alipandishwa kwenye kitu kinachonuka dizeli na turubai akaja kushushwa ugenini, basi kwa akili yake kilichomleta ndo kitakachomrudisha. Kwa hiyo akichomoka hapo getini hajawakimbia nyie, anatafuta kwao. Na umri wala si tatizo, miaka minne ni kijana, hata mbwa wa miaka kumi anahama na anazoea, ila anataka muda na anataka asaidiwe.

Mbwa nyumba yake anaijua kwa pua kuliko kwa macho. Cheyo alijua kila harufu, kuku wa jirani, maembe yaliyooza chini ya mti, njia wanayopita watoto wakitoka shule. Kigoma amekutana na upepo wa ziwa, dagaa walioanikwa, mawese, unyevu ambao Tabora haupo, maana Tabora iko juu kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari na hapo ziwani ni mita 770 na kitu, hewa ni tofauti hata wewe mwenyewe nadhani umeiona. Vyote hivyo vimemwingia puani kwa mpigo mmoja. Kulala atalalaje?

Mimi niliwahi kukosea hapo hapo. Nilipohama Urambo kuja Tabora mjini nilikuwa na jike moja mpole sana, siku ya kufunga mizigo nikaona gunia lake la kulalia chafu linanuka, nikalifua kwa sabuni ya unga nikalianika likakauka vizuri. Usiku wa kwanza nikamtandikia. Alilinusa, akazunguka, akalinusa tena upande wa pili, akatoka. Asubuhi nikamkuta kwenye kona kalalia mabuti yangu ya shamba, yale yenye udongo wa Urambo, kaingiza pua kabisa ndani ya buti moja. Niliumia sana, kitu kimoja tu kilichokuwa chake nilikuwa nimekifuta mwenyewe.

Sasa we kama bado una gunia au blanketi la Tomi la Cheyo usilifue, na kama mmelitupa chukua khanga yako uliyoilalia siku mbili tatu umtandikie, weka na fulana ya baba ambayo haijafuliwa. Mchagulie kona moja, yenye kivuli, mvua isimfikie, isiwe njia ya watu, na hiyo ndo iwe yake hata watoto wasimfuate akiwa pale. Usimwachie uwanja mzima na vyumba vyote siku moja, aanze na padogo apajue, halafu umwongezee. Usiku wiki hizi za mwanzo msogeze karibu, alale kibarazani kwenye mlango wenu au dirishani mnapolala, akisikia mnavyokohoa na kuongea kilio kinapungua. Akilia usimpige wala usimfokee, anayelia kwa woga ukimwongezea woga unategemea nini? Ila pia usiwe kila akilia unatoka na kipande cha nyama, hiyo ataishika haraka sana.

Ratiba ndo dawa kubwa. Kama Cheyo alikuwa anakula saa kumi na mbili jioni basi na Mwanga ale saa kumi na mbili jioni, sufuria lile lile, na wa kumpa awe yule yule. Chakula usikibadilishe ghafla, najua mkifika Kigoma dagaa ni wengi na mtu anaona ampe mbwa raha, lakini kama alizoea dona na mifupa ya supu endelea hivyo kwanza, dagaa muongezee kidogo kidogo ndani ya wiki nzima, la sivyo anaharisha na we unadhani kalogwa au kala sumu. Na dagaa waoshe, wengine wanaanikwa chini na wanabaki na mchanga.

Kuhusu mnyororo, baba watoto ana hoja, Tomi kwa sasa asiachiwe kutoka peke yake hata dakika moja, gari zitamgonga. Lakini mnyororo mfupi kutwa nzima unamharibu mbwa, anakuwa na hasira, na siku ukikatika ndo anang'ata mtu. Fanyeni hivi, vuteni waya imara kama ule wa kuanikia nguo toka nguzo hadi nguzo, pitisheni pete, kamba yake ifungwe kwenye ile pete, hapo atatembea huku na huku, na afungwe pale tu mkiwepo nyumbani, mbali na ukuta maana akiruka ukuta na kamba shingoni anajinyonga. Geti liwekeeni komeo watoto wasilolifikia. Asubuhi na jioni mtoeni kwa kamba, njia ile ile kila siku, fupi tu, mwacheni anuse anavyotaka, msimvute, kunusa kwake ndo kusoma mtaa. Baada ya wiki ongezeni hatua. Wafugaji wengi wanahesabu siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kuanza kuelewa, miezi mitatu ndo anakuwa wa hapo kweli. Wewe una mwezi mmoja, bado hujachelewa.

Majirani waendee mapema, wasisubiri kuchoka. Nenda mwenyewe, waambie mbwa ni mgeni na mnamzoesha. Kama jirani ni Waislamu elewa kwamba mate ya mbwa yakigusa chombo au nguo ya swala ni shughuli, wanatakiwa waoshe mara saba, moja kwa udongo, kwa hiyo kama kuna tundu ukutani au kwenye uzio lizibeni kabla Tomi hajapita, hiyo ni heshima na wataiona.

Sasa kuumwa. Huzuni ya kuhama kwa kawaida haimzuii mbwa kunywa maji wala kutingisha mkia akikuona. Akigoma kula kabisa zaidi ya siku mbili, akitapika, akiharisha damu, fizi zikawa nyeupe au macho yakaingia ukungu, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Njia mliyopita ina mapori ya ndorobo, na ndorobo anaambukiza mbwa ugonjwa unaompa homa, kukonda na hayo macho ya ukungu, na kupe nao wana homa yao, kwa hiyo mwambie daktari mmetoka wapi na mmepita wapi. Usimpe panadol wala diclofenac ya dukani, kwa mbwa ni sumu. Na mwangalie akibadilika ghafla, anang'ata ovyo, mate yanatiririka, hawezi kumeza, usimshike, funga watoto ndani uite mtaalamu, hicho chaweza kuwa kichaa cha mbwa. Akimng'ata mtu yeyote, kidonda kioshwe na sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Kadi yake ya chanjo iangalie leo, kama mwaka umepita achomwe tena, hasa kwa vile ametoroka mara mbili na hujui amekutana na nani huko.

SWALI: Mimi nipo Ipuli, Tabora, nahamia Kasulu na nina kitoto cha mbwa cha miezi miwili. Kuna mtu kaniambia nikipe piriton kilale njia nzima. Ni sawa?
Kijana wa Ipuli

JIBU: Hapana ndugu yangu, usikipe. Dozi ya mtu kwa kitoto cha kilo mbili tatu ni kubisha hodi kaburini, na mnyama aliyelewa dawa ndani ya gari lenye joto anashindwa kujipoza, maana mbwa anajipoza kwa kuhema. Kama una wasiwasi muulize daktari wa mifugo kabla ya safari. Tafuta boksi gumu au tenga, litoboe matundu ya hewa pande zote, tandika kitambaa alicholalia na mama yake na ndugu zake, weka miguuni pako, siyo kwenye buti la gari. Asile kwa muda wa masaa matatu manne kabla ya kuondoka, ila maji kidogo kidogo kila gari likisimama. Kichaa cha mbwa kinachanjwa akifika miezi mitatu, kwa hiyo mpaka wakati huo asizurure na mbwa wa stendi wala wa mtaa. Usikiache ndani ya gari lililofungwa madirisha juani hata kama unashuka kununua muhogo tu.

Usiku wa kwanza Kasulu kitalia, kiweke karibu na kitanda, teremsha mkono kikunuse. Ukishafika niandikie useme kimekula saa ngapi.