Lipu Inayobanduka

Swali: Mimi na mume wangu tunakarabati wenyewe nyumba ya mawe ya matumbawe tuliyoachiwa na bibi, Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Lipu ya saruji tuliyoipiga imeanza kuvimba na kubanduka. Tumekosea wapi?

Jibu: Binti yetu, mikono yenu haina kosa. Ukuta wa mawe na chokaa hufyonza unyevu wa ardhini na kuutoa nje, lakini saruji huuziba, na chumvi hujikusanya nyuma ya lipu kama unga mweupe, ikaisukuma mpaka ianguke. Ibandueni taratibu kwa patasi, muache ukuta ukauke, kisha mpige lipu ya chokaa, kipimo 1 cha chokaa kwa vipimo 3 vya mchanga usio na chumvi (nawasihi, msichote ufukweni), mkiinyunyizia maji kwa siku kadhaa. Upande wa nje, ulizeni kwanza Idara ya Mambo ya Kale, inayosimamia majengo ya kihistoria.