Sweta za shule ndizo zilizotupa rangi

Wiki hii mmeuliza kwa nini vipindi vya watoto vilivyotamba hufifia, na kwa nini vingine huinuka tena. Mimi huuza mabegi ya shule Kamukunji, Nairobi, na kipindi ninachokijua kwa kukiuza na kwa kukicheza ni kimoja: Power Rangers, kile cha vijana watano wanaogeuka mashujaa wenye barakoa, kila mmoja na rangi yake.

Kilianza Marekani Agosti 1993. Mtayarishaji Haim Saban alichukua picha za mapigano za kipindi cha Kijapani cha kampuni ya Toei, kisha akawarekodi vijana wa Kimarekani kwa zile sehemu ambazo mashujaa hawajavaa barakoa. Wajapani walikuwa wakibadilisha mavazi kila mwaka, na baada ya misimu ya mwanzo Wamarekani nao wakafuata. Mavazi mapya, roboti mpya, vya kuchezea vipya madukani. Hapo ndipo ninapoona kidonda. Mtoto ananunuliwa roboti Desemba, mwaka ukigeuka anaambiwa hiyo imepitwa. Mzazi huvumilia mara mbili, ya tatu anakataa. Kwangu begi lenye picha ya msimu uliopita hukaa kwenye msumari mpaka lishike vumbi.

Wenye mali nao walibadilika. Disney walikipata 2001, wakaacha kutengeneza msimu mpya 2009, Saban akakinunua tena 2010, kampuni ya vya kuchezea ya Hasbro ikakichukua 2018. Katikati ya hayo ikaja filamu ya 2017, nzito na ya giza, ambayo Marekani iliwekewa onyo kwa wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13. Mtoto wa miaka sita, ambaye ndiye mwenyewe hasa, akabaki nje ya mlango. Kumuuzia mtu mzima kumbukumbu zake si vibaya, lakini hakuzai mtazamaji mpya.

Sasa, kwa nini hakijafa? Nitawaeleza nilichokiona kwenye ploti yetu mtaani Kayole. Televisheni ilikuwa moja, mlango wa nne. Kipindi kikiisha tulimiminika uani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na cha kuchezea cha dukani. Tulisoma shule tofauti, kwa hiyo sweta ndizo zilizotupa rangi. Mwenye sweta nyekundu akawa kiongozi. Yangu ilikuwa ya kijani, imefumuka kiwikoni, nikaifunga usoni kwa mikono yake nikaacha macho tu. Msichana mmoja sweta yake ilikuwa ya kahawia, na hakuna Ranger wa kahawia. Alilia kweli. Kaka yangu akatangaza kwamba wa kahawia ametua jana kutoka sayari nyingine, na mchezo ukaendelea.

Nguvu yake iko hapo: kila mtoto ana rangi yake, na akija mwingine nafasi ipo. Kipindi chenyewe kilimwongeza wa sita, Tommy wa kijani, na wengi wetu tukampenda kuliko wote.

Januari shule zilipofunguliwa alikuja mama na watoto wawili. Begi lilikuwa la zamani, mashujaa watano kifuani. Niliwauliza kama wanawajua, wakatikisa kichwa kukataa. Mdogo akaweka kidole juu ya wa buluu: “Huyu ni mimi.” Dada yake akamsukuma mkono. “Basi mimi ni huyu wa waridi.” Mama alikuwa ametoa pesa za begi moja, akafungua tena mkoba, akauliza kama nina lingine kama hilo.