Maoni ya vijana kuhusu mafuriko yana uzito gani?

SWALI: Ndugu Mhariri, mafuriko ya Aprili 2024 yaliharibu mashamba mengi hapa Rufiji. Tulipoeleza katika kikao cha kijiji kwamba tabianchi inabadilika, wazee walitujibu kuwa mto huu umefurika tangu enzi za mababu, na baadhi ya vijana wenzetu wakasema kwamba, kwa kuwa wachafuzi wakubwa wa hewa wako ng'ambo, maneno yetu ni bure. Je, tuendelee kusema?
Kijana wa Utete

JIBU: Endeleeni, ila wasikilizeni kwanza wazee hao, kwa sababu wanasema kweli: kilimo cha mlau, ambacho mbegu hupandwa maji ya mto yanapopungua, kisingekuwapo bila mafuriko, na mvua za msimu ule zilihusishwa na El Niño, kama zile za 1997. Kinachobadilika ni wingi wa maji. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi huweza kubeba takriban asilimia 7 zaidi ya mvuke, hivyo mvua ambayo ingenyesha kwa vyovyote huweza kunyesha kwa nguvu kubwa zaidi. Mkilieleza jambo hivi hamtabishana na wazee bali mtawahitaji, maana wao ndio wanaojua maji yalifika wapi zamani, na kwa hiyo ni wapi pasijengwe nyumba wala ghala.

Kuhusu wenzenu waliokata tamaa, ni kweli kwamba Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa duniani, lakini kwangu mimi hiyo ndiyo haki yetu ya kudai. Mwaka 2019 wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki walianzisha dai lililobebwa na serikali ya Vanuatu hadi Umoja wa Mataifa, na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikatoa maoni kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kulinda tabianchi. Maoni hayo si hukumu, lakini wanasheria popote wanaweza kuyatumia.

Kwenu, ulizeni katika mkutano mkuu wa kijiji jinsi tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa zitakavyoifikia kaya isiyo na simu, na nani atawahamisha wagonjwa na wazee, kisha hakikisheni kwamba swali na jibu vyote vimeandikwa katika muhtasari.