Sonata ya mwisho ya Schubert: isikilize kuanzia chini

Rafiki zangu wa kwaya huniuliza waanzie wapi wakitaka kuingia kwenye muziki wa piano wa karne ya 19. Huwa nawatajia sonata (kazi ya piano yenye sehemu kadhaa, hii ina nne) ya mtunzi wa Austria Franz Schubert katika B flati meja, ile yenye namba D. 960 kwenye orodha ya kazi zake. Sharti langu ni moja: msiisikilize kwenye spika ya simu. Tafuteni hedifoni zenye besi ya kueleweka.

Sababu iko ndani ya dakika ya kwanza. Wimbo unaanza kwa sauti ndogo, taratibu, ukipanda na kushuka hatua kwa hatua. Soprano yeyote angeuimba bila kujikaza. Unapotua kuvuta pumzi, kule chini kabisa upande wa kushoto inatokea trili: G flati na jirani yake A flati zinapokezana harakaharaka, kwa sauti ndogo vilevile. Kisha kila kitu kinanyamaza. Kwenye simu ngurumo hiyo haitoki, kwa hiyo utadhani mpiga piano amepotea njia.

Waliolelewa na tonik solfa (do, re, mi) wataipata haraka. Ikiwa do ni B flati, hiyo G flati ni la iliyoshushwa nusu, sauti ambayo haimo kabisa kwenye skeli ya wimbo. Unaweza kuipuuza. Schubert hakuipuuza: muda si mrefu wimbo uleule unarudi, safari hii G flati yenyewe ndiyo do. Kilichokuwa mngurumo wa pembeni kimegeuka kuwa msingi. Ukishalisikia hilo, dakika 40 zinazobaki hazichoshi.

Wengi watakwambia hii ni sauti ya mtu anayeaga dunia. Ni kweli aliikamilisha Vienna tarehe 26 Septemba 1828, akiishi kwa kaka yake Ferdinand, na akafariki tarehe 19 Novemba mwaka huohuo akiwa na miaka 31. Lakini mwanzoni mwa Novemba hiyohiyo alikwenda kwa mwalimu wa muziki Simon Sechter kuanza masomo ya kontrapunto, yaani ufundi wa kuunganisha sauti kadhaa zinazokwenda kila moja kivyake. Mtu anayejiandikisha darasani ana mipango ya kesho. Ukiisikiliza kama msiba, sehemu ya tatu, ambayo ni skerzo nyepesi ya kuchezacheza, itakushangaza bure. (Sonata yenyewe ilichapishwa baadaye, mwaka 1839.)

Kwa wanaotaka kuipiga, maneno mawili matatu. Kinanda cha kii 61, kile tulichokizoea kanisani, hakifiki chini hadi kwenye trili hiyo. Unahitaji kirefu zaidi, kama cha kii 88. Trili yenyewe iko juu ya kii mbili nyeusi, nyembamba, na kidole kinateleza. Mimi natumia cha tatu na cha pili cha mkono wa kushoto, vikiwa vimelalia kii tangu kabla ya kuanza, na sivinyanyui. Ukivinyanyua, mlio wa kugonga utasikika kuliko nota. Usishindane na kasi pia. Trili ya haraka mno huko chini inakuwa kelele tupu. Halafu heshimu kile kimya kinachofuata. Walimu wengi husema hesabu, mimi nasema subiri mpaka mtetemo wa waya umalizike wenyewe.

Kuna ugomvi wa zamani juu ya sehemu ya kwanza: nusu yake ya mwanzo irudiwe au isirudiwe? Mpiga piano Alfred Brendel alikataa kurudia. Mwenzake Sviatoslav Richter alirudia, tena kwa mwendo wa polepole mno, hata sehemu hiyo peke yake ikapita dakika 20. Niko upande wa kurudia. Kabla ya kurudi mwanzo Schubert ameandika baa chache ambazo hazisikiki popote pengine, na ndani yake trili ile inalipuka kwa nguvu zote, mara moja tu katika kazi nzima. Ukiruka, umeitupa.

Sehemu ya pili, katika C sharpu maina, ndiyo inayowaliza watu. Mkono wa kushoto unaruka juu ya wa kulia na kurudi, tena na tena, bila haraka. Karibu na mwisho, bila hodi, muziki unaingia C meja. Hapo usiongeze chochote; ukipunguza sauti kidogo tu, inatosha.

Sehemu ya nne inaanza na G tupu, iliyoshikiliwa peke yake, kisha ngoma ya furaha inayojidai iko C maina kabla ya kukumbuka nyumbani kwao, B flati. Fuatilia hiyo G. Inapokaribia mwisho inashuka hadi G flati, kisha F, ndipo mbio za kumalizia zinapoanza.

Kuhusu rekodi: anza na Wilhelm Kempff, hana makeke. Richter mwache mpaka uwe na jioni nzima. András Schiff ameirekodi kwa piano ya Vienna ya enzi za Schubert mwenyewe, na humo ile trili ina mkwaruzo wa mbao na ngozi ambao piano za leo, kwa unene wao wote, haziwezi kuutoa.