Kashata za karanga na watoto siku ya baridi

Dada, umeuliza upike kitu gani kitamu na watoto wa miaka 5 na 8 wakati baridi hii ya Julai imewafungia ndani hapo Arusha. Huku Moshi nako Kibo, kilele cha Kilimanjaro, na theluji yake vimejificha mawinguni, nasi tunapika kashata za karanga. Hazihitaji oveni, na watoto wanapata kazi ya kweli.

Kaanga karanga vikombe 2 bila mafuta, ziache zipoe, kisha wape. Wazifikiche kwa viganja mpaka maganda mekundu yatoke, halafu wapepete kwa ungo barazani. Yatapeperuka kila mahali. Waache, hapo ndipo penye raha. Mkubwa atwange iliki, mdogo apake mafuta sinia na kisukumio.

Sukari ni kazi yako peke yako, nakusihi. Yeyusha kikombe 1 kwenye sufuria kavu, moto mdogo, bila maji. Ikifika rangi ya asali imeshapita nyuzi 150 na inagandia ngozi, ndiyo maana inaunguza vibaya kuliko maji yanayochemka. Watoto wakae mbali kabisa na jiko. Hapo usingoje, itageuka chungu: tia karanga na iliki, koroga upesi, mimina kwenye sinia, sukuma, ukate ingali moto. Ikishapoa haikatiki kwa mstari, inavunjika ovyo.

Kubandua vipande waachie wao, na chai ya tangawizi iwe tayari.